Mtambo wa hewa moto wa kukaushia mahindi: Usimikaji na majaribio yake Kitale na Bungoma

WAKULIMA wa mahindi katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma huvuna wakati ambapo jua haliaminiki. Mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili karibu na Kitale huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi mvua huwa haijaondoka. Katika nyanda za chini za Bungoma zao hilo hukomaa mapema zaidi, Julai na Agosti, huku mvua za alasiri zikiendelea kunyesha.

Ndiyo sababu turubai zilizotandazwa kando ya barabara ya Kitale kuelekea Webuye, zikiwa zimejaa mahindi, ni sura ya kawaida ya msimu. Manyunyu ya dakika kumi yanatosha kuharibu kazi ya siku tatu.

Madhara yake si hasara ya fedha pekee. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini. Mnamo 2004, sumu hiyo iliwaathiri watu 317 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 miongoni mwao wakafariki. Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) ilisimamisha kwa siku chache uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Kutokana na hali hiyo, vyama vya ushirika, vikundi vya wakulima na wenye vinu wamekuwa wakigeukia mitambo inayokausha nafaka kwa hewa moto. Mwaka 2023 serikali ilitangaza ununuzi wa mitambo 100 ya kuhamishika kwa ajili ya kaunti zinazolima nafaka.

Hata hivyo, kununua mtambo ni jambo moja na kukausha mahindi ni jambo jingine. Mtambo uliosimikwa vibaya huunguza nafaka ya chini na kuacha ya juu ikiwa mbichi, huingiza moshi katika chakula, na waweza kumuua anayeulinda usiku. Makala haya yanaeleza namna ya kuusimika na, muhimu zaidi, namna ya kuujaribu kabla fundi hajalipwa salio lake.

Lengo la mtambo

Kiwango cha unyevu kinachokubaliwa na kanuni za ubora za Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5. Kanuni hizo pia zinaruhusu aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja.

Mkulima aelewe jambo moja mapema: kukausha huzuia kuvu isiendelee kukua, lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi yaliyolala wiki mbili ndani ya magunia yakiwa na unyevu wa asilimia 20 hayaponywi na mtambo wowote, hata ukiwa wa bei gani.

Kadhalika, uzani utapungua. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na kilo 83 hivi. Kilo saba hizo ni maji. Mabishano mengi kati ya wakulima na wenye mitambo hutokana na kutofafanuliwa kwa hesabu hii kabla ya kazi kuanza.

Kwa upande mwingine, kukausha kupita kiasi ni hasara ya muuzaji. Gunia hilo likishushwa hadi asilimia 11, litapoteza kilo nyingine mbili na ziada. Kwa magunia 22, hasara hiyo inazidi nusu gunia kwa kila shehena, na mnunuzi halipi hata senti moja kwa ukavu huo wa ziada.

Viungo vyake

Mtambo huu ni jamaa wa ile inayopasha joto nyumba katika nchi za baridi kama vile Uingereza na Marekani. Hewa huvutwa na feni, hupashwa joto, kisha husafirishwa kwa mifereji ya bati hadi inapohitajika. Tofauti ni kwamba huku mlaji wa joto ni mahindi.

Viungo vikuu ni vitano: tanuri au kichomeo kinachotoa moto; kipasha joto, yaani mabomba ya chuma ambamo moto na moshi hupita ndani huku hewa safi ikipita nje; feni; mfereji wa hewa; na kitanda cha nafaka, ambacho ni sanduku lenye sakafu ya bati la matundu na chumba cha hewa chini yake.

Ipo mitambo isiyo na kipasha joto, ambapo hewa iliyochanganyika na moshi huelekezwa moja kwa moja kwenye nafaka. Bei yake ni nafuu, lakini moshi wa kuni au magunzi huacha harufu na kemikali hatari katika chakula. Kwa mahindi ya kuliwa na binadamu, mtambo wenye kipasha joto ndio unaofaa.

Siri ya mtambo imo katika tabia ya hewa. Kila joto la hewa linapoongezeka kwa nyuzi 11 hivi, unyevunyevu wake hupungua kwa takriban nusu. Hewa ya Kitale ya nyuzi 18 yenye unyevunyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 45, hubaki na asilimia 17 hivi. Hewa hiyo huwa na kiu, nayo hunyonya maji kutoka kwenye punje inapopenya.

Kukadiria ukubwa

Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka kukausha tani mbili, sawa na magunia 22, kwa mkupuo mmoja. Mahindi hayo yakitandazwa kwa kina cha sentimita 40 yatahitaji kitanda cha mita saba za mraba, kwa mfano mita mbili kwa tatu na nusu.

Kila mita ya mraba inahitaji hewa ya takriban mita za ujazo 0.2 kwa sekunde. Hivyo feni ya kitanda hicho inapaswa kusukuma mita za ujazo 1.4 kwa sekunde, si katika nafasi tupu bali kupitia nafaka. Uzito huo wa nafaka, pamoja na kona za mfereji, huleta ukinzani wa paskali 250 hadi 300. Mota ya nguvu ya farasi kati ya 1.5 na 2 inatosha.

Ili kupandisha joto la hewa hiyo kutoka nyuzi 20 hadi 45 panahitajika takriban kilowati 34 za joto. Kwa kipimo hicho, shehena iliyoingia na unyevu wa asilimia 20 hukauka kwa saa tano hadi saba.

Dizeli itakayotumika ni lita 26 hivi kwa shehena, au zaidi kidogo ya lita moja kwa gunia. Anayetumia magunzi atahitaji kilo 90 hadi 120. Magunia hayo 22 yanapopukuchuliwa huacha zaidi ya kilo 300 za magunzi. Kwa maneno mengine, mkulima ana kuni za kutosha shambani mwake, mradi magunzi yawe makavu. Magunzi mabichi hutoa moshi mwingi na joto dogo, hivyo ni vyema kutumia yale ya shehena iliyotangulia.

Kwa wakulima wadogo zipo mashine ndogo zaidi. Mfano ni EasyDry M500, iliyobuniwa nchini chini ya mradi wa AflaSTOP, ambayo hukausha takriban kilo 500 kwa mkupuo ikitumia magunzi. Kanuni zinazofuata zinaihusu pia, ijapokuwa mifereji yake ni mifupi.

Mahali pa kusimika

Jengo liwe na paa imara na kuta zilizo wazi sehemu ya juu ili hewa nyevu inayotoka kwenye nafaka ipate kuondoka. Hewa hiyo ikibaki ndani, feni itaivuta tena, na mtambo utazungusha maji yale yale kutwa nzima.

Mdomo wa kuingizia hewa uwekwe upande ambao upepo hutokea, angalau mita tatu kutoka kwenye dohani na mbali na mahali magari yanapoegeshwa. Uwekewe wavu wa kuzuia makapi, kwa kuwa makapi makavu yakifika kwenye chuma chenye moto huwaka.

Tanuri na kipasha joto vikae juu ya msingi wa zege uliosawazishwa kwa pimamaji. Mbao, magunia na mafuta yasikaribie tanuri. Mchanga ndani ya ndoo na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali vinapoonekana hata usiku.

Feni iwekwe wapi? Swali hili ndilo linalowashinda mafundi wengi. Feni ikiwekwa baada ya kipasha joto, huwa inavuta. Na bomba la ndani likipasuka, moshi huvutwa moja kwa moja hadi kwenye mahindi. Ikiwekwa kabla ya kipasha joto, huwa inasukuma. Bomba likipasuka, hewa safi ndiyo itakayopenya kuelekea dohani. Kwa chakula, mpangilio huu wa pili ndio salama zaidi.

Mifereji ya hewa

Hewa ndani ya mfereji mkuu isizidi kasi ya mita nane kwa sekunde. Kwa mfano wetu, mfereji wa mraba wa sentimita 42 kila upande unatosha. Mfereji mwembamba kuliko huo hupiga kelele, humeza nguvu ya mota na kuinyima nafaka hewa.

Kati ya feni na mfereji paachwe nafasi ya sentimita 10 hadi 15, iliyofungwa kwa turubai nene, ili mtikisiko wa mota usilegeze viungo. Sehemu iliyo karibu na tanuri iwe ya bati tupu. Turubai, plastiki na mbao zisitumike hapo.

Mfereji unapoingia katika chumba cha hewa upanuliwe hatua kwa hatua. Ukipanuliwa ghafla, hewa hupiga ukuta wa mbali na kurudi, na mahindi yaliyo karibu na mdomo hubaki mabichi. Kona kali nazo ziepukwe. Pasipo budi, mabapa ya kuongoza hewa yawekwe ndani ya kona.

Kila kiungo kipigwe ribiti au skrubu, kisha kizibwe kwa gundi inayostahimili joto. Mfereji unaopita nje ya jengo uvishwe pamba ya kioo na kufunikwa kwa bati. Usiku wa Kitale ni wa baridi, na joto linalopotea njiani limelipiwa kama lile linalofika kwenye nafaka.

Dohani na mwinuko

Dohani ipite juu ya kilele cha paa kwa mita moja au zaidi na ifunikwe kofia ya kuzuia mvua. Inapopenya paa iachwe nafasi, na nafasi hiyo izibwe kwa bati, si kwa mbao. Mtambo wa magunzi uwe na chumba cha kutulizia cheche kabla ya dohani.

Jambo ambalo husahaulika ni mwinuko wa ardhi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban mita 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20, na ya Bungoma kwa asilimia 15 hivi. Oksijeni inayofika kwenye moto hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Kichomeo cha dizeli kilichopangwa kiwandani kwa ajili ya usawa wa bahari kikiwashwa Kitale bila kurekebishwa, hutoa masizi meusi, hula mafuta na kuziba mabomba ya kipasha joto. Fundi hana budi kufungua zaidi mlango wa hewa au kubadilisha pua ya mafuta.

Kwa vichomeo vya gesi, kanuni inayotumiwa na mafundi ni kupunguza nguvu kwa asilimia nne kwa kila mita 300. Kwa Kitale punguzo hilo ni karibu robo, na kwa Bungoma karibu asilimia 19. Hivyo, kichomeo kinachotakiwa kutoa kilowati 34 mjini Kitale kiwe kimeandikwa si chini ya kilowati 45, kabla ya kuongeza joto litakalopotea kupitia dohani.

Jenereta nazo hupoteza nguvu kwenye miinuko. Jenereta iliyotosha kuendesha feni huko Mombasa yaweza kuzimika ikiendesha feni hiyo hiyo Endebess au Cherangany.

Umeme

Kazi ya kuunganisha nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mtambo uwe na swichi yake kuu, kinga ya mota dhidi ya mzigo kupita kiasi, na waya wa ardhini uliofungwa kwenye feni, tanuri na kitanda.

Mpangilio wa swichi uwe hivi: kichomeo kisiwake feni ikiwa haizunguki, na feni ikisimama kichomeo kizimike chenyewe. Pamoja na themostati ya kazi, pawepo swichi ya kikomo inayokata moto joto likipita kiwango kilichowekwa. Swichi hiyo ijifunge, na asiifungue ila mtu aliyekwisha kutafuta chanzo cha hitilafu.

Majaribio bila moto

Kazi ya kusimika ikikamilika, majaribio yaanze na hewa baridi. Hatua hii huchukua nusu siku na haihitaji vifaa vya bei ghali.

Kwanza, mwelekeo wa feni utazamwe. Feni ya aina ya konokono inayoendeshwa kwa umeme wa fezi tatu ina hila yake: ikizunguka kinyume, bado hewa hutoka upande ule ule, ila kwa udhaifu. Mtu akiweka mkono ataridhika, na msimu mzima utapita mahindi yakichelewa kukauka. Mshale ulio kwenye ganda la feni ulinganishwe na mzunguko halisi. Ukiwa kinyume, nyaya mbili za fezi zibadilishwe nafasi.

Pili, uvujaji uchunguzwe. Ubani au kitambaa kinachofuka moshi kipitishwe kwenye kila kiungo cha mfereji, feni ikiwa inazunguka. Moshi ukipeperushwa, kiungo kinavuja. Usiku, tochi iwashwe ndani ya tanuri na mtu achungulie upande wa hewa safi. Mwanga ukionekana, moshi nao utapita. Kipasha joto cha namna hiyo kirudishwe kwa aliyekiunda.

Tatu, shinikizo lipimwe. Mpira mwembamba unaoonyesha, uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji, ni kipimo tosha. Ncha moja iingizwe katika chumba cha hewa na nyingine iachwe wazi. Tofauti ya milimita moja ya maji ni paskali 10 hivi. Kitanda kikiwa kimejaa mahindi, tofauti ya milimita 20 hadi 30 inaridhisha. Ikiwa ndogo zaidi, hewa inavuja au feni ni dhaifu. Ikiwa kubwa zaidi, nafaka imejaa uchafu au imerundikwa kupita kina kilichokusudiwa.

Nne, usawa wa hewa uangaliwe. Kitanda kigawanywe katika sehemu tisa na ukanda wa karatasi laini ushikwe juu ya kila sehemu. Karatasi zipepee kwa kadiri moja. Panapotulia pana vumbi, nafaka iliyoshindiliwa au mfereji ulioelekezwa vibaya.

Kuwasha moto mara ya kwanza

Moto wa kwanza uwashwe kitanda kikiwa kitupu. Chuma kipya kina rangi na mafuta ya kiwandani ambayo huungua na kutoa harufu kali. Moto mdogo uwake kwa saa moja au mbili, milango yote ikiwa wazi, kisha uongezwe polepole ili viungo visipinde.

Vipimajoto viwekwe mahali pasipopungua patatu katika chumba cha hewa. Tofauti kati yao isizidi nyuzi tatu. Kwa kitanda cha kina cha sentimita 40, nyuzi 45 zinatosha kwa mahindi ya kusagwa. Mitambo ambayo nafaka hutembea ndani yake yaweza kufika nyuzi 60.

Mbegu ni habari nyingine. Joto likizidi nyuzi 43, kiini cha punje huanza kufa na mbegu haitaota ijapokuwa kwa macho inaonekana nzima. Onyo hili lina uzito wa pekee Kitale, mji ambao umekuwa kitovu cha mbegu za mahindi tangu kampuni ya Kenya Seed ilipoanzishwa huko mwaka 1956.

Baada ya hapo, swichi za usalama zijaribiwe kwa vitendo. Feni izimwe makusudi ili ionekane kama kichomeo kitazimika. Swichi ya kikomo nayo ishushwe hadi chini ya joto la wakati huo ili ionekane kama itakata moto. Fundi anayesema majaribio hayo hayana haja asitiliwe sahihi.

Rangi ya moshi itazamwe pia. Moshi mweusi unaodumu maana yake ni uhaba wa hewa. Ndani ya jengo pawepo king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na waathiriwa wake wakuu ni walinzi na vibarua wanaolala karibu na tanuri ili wajikinge na baridi. Ni marufuku mtu yeyote kulala katika chumba chenye tanuri.

Umeme ukikatika

Kichomeo cha dizeli au gesi huzimika umeme unapokatika. Tanuri la magunzi halina swichi. Feni ikisimama, moto huendelea kuwaka, chuma huwa chekundu, na joto hupanda taratibu hadi kwenye nafaka kavu. Hivi ndivyo maghala huungua.

Kwa hiyo mtambo wa magunzi uwe na mlango wa dharura unaoelekeza joto nje pasipo kupitia kwenye kitanda, pamoja na sinia linaloweza kuvutwa likatoa makaa. Siku ya majaribio umeme ukatwe makusudi moto ukiwa umekolea, na waendeshaji wenyewe, si fundi, wafungue mlango na kuondoa makaa huku saa ikitazamwa. Tahadhari kabla ya hatari.

Shehena ya kwanza

Mahindi ya majaribio yapepetwe kwanza, kwani makapi huziba njia za hewa. Sampuli zichukuliwe katika sehemu zile tisa, juu na chini, kabla ya kuwasha na kila baada ya saa moja. Nafaka igeuzwe kwa sepetu angalau mara moja, maana tabaka la chini hutangulia kukauka.

Kipima unyevu cha mkononi nacho chahitaji kupimwa. Njia ya maabara ni kuweka mahindi katika joko la nyuzi 103 kwa saa 72 na kulinganisha uzani wa kabla na wa baadaye. Kwa kikundi kisicho na maabara, sampuli ile ile ipimwe pia katika ghala la Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB) mjini Kitale au Bungoma ambako mahindi yatapelekwa. Tofauti ya vipimo iandikwe na itumike katika kila hesabu inayofuata. Nukta moja ya tofauti inaweza kulirudisha lori zima kutoka langoni.

Moto uzimwe wastani ukifika asilimia 14. Feni iendelee na hewa baridi kwa nusu saa hadi saa moja, na nusu asilimia iliyobaki itaondoka. Mahindi yakifungwa kwenye magunia yakiwa ya moto hutoa jasho, na kuvu hurejea kwa mlango wa nyuma.

Mtambo uhesabiwe kuwa umefaulu iwapo tofauti ya unyevu kati ya sehemu kavu zaidi na mbichi zaidi haizidi asilimia mbili, muda haukupita uliokubaliwa, na nafaka haina harufu ya moshi wala punje zilizobadilika rangi.

Daftari la makabidhiano

Matokeo yote yaandikwe kwenye daftari na kutiwa sahihi na fundi pamoja na viongozi wa kikundi: shinikizo la kitanda kitupu na kilichojaa, umeme unaovutwa na mota, joto katika chumba cha hewa, joto la dohani, kiasi cha mafuta au magunzi, muda uliotumika, na unyevu wa mwanzo na wa mwisho.

Takwimu hizo zitakuwa kipimo cha afya ya mtambo kwa miaka ijayo. Shinikizo likishuka, kuna uvujaji. Joto la dohani likipanda ilhali la chumba cha hewa limeshuka, masizi yameziba kipasha joto. Mwendeshaji mpya ataweza kujua hayo hata kama fundi aliyesimika amekwisha kuhamia Eldoret.

Daftari libaki ofisini mwa kikundi na nakala yake ibandikwe kwenye ukuta karibu na swichi kuu. Sehemu ya malipo, ijadiliwe mapema na kuandikwa katika mkataba, izuiliwe hadi shehena tatu zikaushwe kwa mafanikio chini ya macho ya fundi. Mtambo wa ukubwa huu hununuliwa kwa michango ya watu wengi, na cha wengi kisipokuwa na maandishi huishia kuwa si cha mtu.

Wakati mzuri wa shughuli hii si siku ambayo lori la kwanza limesimama langoni. Kwa Bungoma majaribio yakamilike kufikia Juni na kwa Kitale kufikia Septemba, kwa kutumia mahindi machache yaliyorudishiwa unyevu kwa maji, ambayo baadaye yasiuzwe kwa chakula. Mkulima atakayefanya hivyo atakuwa na muda wa kuziba kiungo kinachovuja au kubadilisha pua ya mafuta. Atakayesubiri mvua ndiyo imkumbushe, atafanya majaribio hayo kwa mavuno yake mwenyewe.